Betri haikufa, ilikataa kula: kisa cha Jumapili ya baridi Chicago

Simu iliita saa tisa kasoro dakika kumi mchana, Jumapili ya tarehe 14 Januari 2024. Alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu, anayeendesha gari la umeme la kubebea abiria wa programu ya simu hapa Chicago.

"Shemeji, gari limekufa."

"Limekufaje? Umelichomeka?"

"Nimelichomeka dakika ishirini sasa. Asilimia tano niliyoingia nayo ndiyo hiyo hiyo. Namwita mtu wa bredauni alivute."

"Kwenye skrini linaandika linapokea kilowati ngapi?"

Akanyamaza kidogo, anasoma. "Sita."

"Basi halijafa. Shemeji, usilichomoe. Hata mtu akipiga honi nyuma yako, usilichomoe. Nakuja."

Nimekiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu tangu siku ile nimekutana na Waswahili wengi wa huku wanaoendesha magari haya, na karibu kila mmoja ana hadithi yake ya baridi, na karibu kila mmoja anaimalizia kwa neno lile lile: betri ilikufa. Kazi yangu ni umeme wa maghala, na betri za lithiamu za foklifti zinazoingia kwenye vyumba vya barafu zimenifunza zaidi ya kitabu chochote. Betri ya shemeji haikufa hata dakika moja. Ilikuwa hai, inajilinda, na ilichokitaka kabla ya umeme ni joto. Joto hilo shemeji alikuwa nalo bure siku mbili kabla, akalala nalo, likapotea.

Kwanza mazingira. Ijumaa ya tarehe 12 theluji kubwa ilimwagika Chicago na vitongoji vyake. Nyuma yake ikaja hewa ya kaskazini, na kuanzia Jumapili joto lilikaa chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Usiku lilizidi kushuka, na kwa upepo ule mwili ulihisi nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi. Siku hizo hizo televisheni za hapa zilionyesha magari ya Tesla yamekwama kwa mistari kwenye vituo vya kuchajia vya Oak Brook na Evergreen Park, mengine yakipakiwa juu ya bredauni. Picha zile zilizunguka dunia nzima. Ndugu zangu wa Tanga walinitumia wakiuliza kama ni kweli magari ya umeme huganda kama samaki. Shemeji hakuwa kwenye vituo hivyo viwili, na gari lake si la kampuni hiyo. Alikuwa kwenye kituo kingine magharibi mwa mji, chenye mashine nane. Lakini kilichompata ni kile kile.

Nilipofika, saa tisa na dakika kumi, nilikuta magari yamezunguka uwanja wa duka hadi barabarani. Watu wamejifunika mablanketi ndani ya magari yaliyozimwa. Mashine ya jirani na shemeji ilikuwa wazi. Kijana mmoja alikuwa ndiyo kwanza amechomoa waya wake kwa hasira. Alikaa pale dakika 25 bila kuona asilimia ikipanda, akaamua mashine ni mbovu, akarudi mwisho wa foleni asubiri nyingine. Iliniuma. Dakika zile 25 zilikuwa zimempashia betri karibu nusu ya joto alilohitaji; angevumilia nusu saa nyingine tu angeona namba zinapaa. Sasa anarudi kukaa kwenye upepo, na lile joto linavuja taratibu kwenye lami.

Nina kijidude kidogo cha kuchomeka chini ya usukani ambacho husoma kompyuta ya gari na kuonyesha data kwenye simu. Nikakichomeka. Seli ya baridi kuliko zote ilikuwa nyuzi 2 chini ya sifuri, ya joto kuliko zote nyuzi 1. Mashine ya kituo, ambayo inaweza kutoa kilowati 150, ilikuwa inatoa 6. Katika hizo, karibu 4 zilikuwa zinaingia kwenye hita ya betri, na zilizobaki zilikuwa zinapasha chumba cha abiria alimokaa shemeji na glavu zake. Kwenye seli zenyewe kulikuwa kunaingia karibu na sifuri. Ndiyo maana asilimia haikusogea: umeme wote ulikuwa unafanya kazi ya kuni.

"Shemeji, shuka," nikamwambia. "Zima hita yako, njoo kwenye gari langu. Joto lote tuipe betri."

Tukakaa kwenye gari langu la petroli, mimi na yeye, tukiangalia simu. Wakati tunasubiri, aliniuliza swali ambalo kila mtu huuliza, nami nalipenda kwa sababu ni la haki: kwa nini gari lisikubali tu umeme unaopewa? Njaa linayo, chakula kipo mezani.

Nikamkumbusha mafuta ya nazi. Kwetu Pwani, miezi ya kusi, asubuhi unaamka unakuta chupa ya mafuta imeganda, nyeupe kama mshumaa. Mama anaianika juani kwenye ukingo wa dirisha mpaka yayeyuke ndiyo wapakwe watoto. Mafuta hayajaharibika, ila hayatiririki. Ndani ya seli ya lithiamu kuna kimiminika kiitwacho elektroliti, ambamo ioni za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Katika baridi ya Chicago kimiminika hicho hakigandi kuwa jiwe, lakini hunata, na safari ya ioni huwa nzito. Hiyo ni sababu ya kwanza, na ndiyo ndogo.

Sababu kubwa iko mwisho wa safari. Unapochaji, ioni huenda upande wa anodi, ambao katika magari mengi umetengenezwa kwa grafiti, kaboni ya aina ile ile iliyo kwenye ncha ya penseli. Grafiti ina matabaka matabaka, na kila ioni inatakiwa ipenye katikati ya matabaka ikakae. Mfikirie konda wa daladala. Basi lina nafasi nyuma, lakini waliopanda hawasogei upesi, na kituoni watu wanazidi kusukumana. Konda anapiga kelele "songeni nyuma, nafasi ipo," na huku mlangoni watu wameshaning'inia. Baridi inafanya abiria wa ndani wasisogee. Ukiendelea kusukuma umeme kwa nguvu, ioni zinazofika mlangoni hazipati pa kuingia, nazo hugeuka pale pale kuwa lithiamu ya metali, utando unaojipaka juu ya grafiti. Lithiamu hiyo sehemu yake hairudi tena kazini. Uwezo wa betri umepungua moja kwa moja. Mbaya zaidi, utando huo unaweza kuota miiba, na mwiba ukitoboa kitenganishi kilicho kati ya pande mbili, seli hupiga shoti ndani kwa ndani.

Kwa hiyo kompyuta ya betri ina amri: seli zikiwa chini ya sifuri, umeme uingie kwa tone au usiingie kabisa. Kutoa umeme katika baridi hakuna hatari hiyo, ndiyo maana gari liliweza kutembea, japo kwa uchovu. Kuingiza ndiko kunakozuiwa. Shemeji alikuwa ameona dalili asubuhi ile: alama ya theluji kwenye skrini, na gari halikuwa linajipunguza mwendo lenyewe anapoachia mafuta kama lilivyozoea. (Tunasema bado "kuachia mafuta," na mafuta hayamo.) Kujipunguza kule ni mota kugeuka jenereta na kuchaji betri, na betri ilikuwa imeshakataa kuchajiwa tangu alfajiri. Gari lilimwambia mapema. Hakujua linasema nini.

Sasa turudi nyuma hadi Ijumaa, maana kisa kinaanzia huko.

Ijumaa usiku shemeji alimaliza kazi akiwa na asilimia 46. Alikuwa ameendesha tangu mchana, kwa hiyo betri ilikuwa na joto lake zuri la kazi. Alipita mbele ya kituo hiki hiki. Kwa theluji ile hakukuwa na foleni. Kituo kilikuwa kitupu. Akafikiria: kesho sitoki kwa sababu ya theluji, asilimia 46 zinanitosha, nitachaji Jumapili nikianza kazi. Kwa mtu aliyezoea petroli hiyo ni hesabu sahihi kabisa. Petroli ya Ijumaa ni petroli ile ile Jumapili. Akaenda nyumbani, akaegesha barabarani mbele ya jengo lao, kwa sababu jengo halina gereji wala soketi ya nje.

Gari likakaa hapo zaidi ya saa 30 huku hewa ikizidi kupoa. Betri ya gari ni bonge la chuma na kemikali lenye kilo mia nne na kitu, haipoi kwa saa moja. Lakini ikipoa, imepoa yote hadi moyoni. Jumapili asubuhi alikuta asilimia 41. Akapasha chumba, akachukua abiria wawili, mmoja wa uwanja wa ndege wa O'Hare, hita ikinguruma. Hapa inafaa kukumbuka kipimo cha chama cha madereva cha Marekani, AAA, cha mwaka 2019: katika nyuzi 7 chini ya sifuri, hita ikiwaka, magari waliyoyapima yalipoteza kwa wastani asilimia 41 ya umbali wake. Na Jumapili hii ilikuwa ya baridi zaidi ya hapo. Kufikia saa tano asubuhi alikuwa na asilimia 18.

Akaenda kituoni. Alikwenda kwa kichwa, kwa sababu njia anaijua. Na hapa pana tundu ambalo limewameza wengi. Magari mengi ya siku hizi yana uwezo wa kuanza kupasha betri yakiwa bado njiani, ili yafike kituoni tayari. Tesla walianza kuutoa kwa magari yao Machi 2019, wakisema ungepunguza muda wa kuchaji kwa wastani wa asilimia 25. Kampuni nyingine zikafuata. Lakini gari litajuaje kwamba unakwenda kuchaji? Kwa magari mengi, linajua kwa njia moja kuu: umekiandika kituo cha kuchajia kwenye ramani ya gari lenyewe. Ukienda kwa kumbukumbu, au kwa ramani ya simu uliyoibandika kwenye dashibodi, gari linadhani unakwenda dukani. Baadhi yana kitufe cha kupasha kwa mkono, kimefichwa ndani ya menyu ya tatu au ya nne. Shemeji alikuwa na gari lile miezi saba na hakuwahi kukiona. Simlaumu. Dereva wa programu anaishi na ramani ya simu siku nzima. Ndiyo inayompa abiria.

Tuseme lakini angekiandika kituo. Ingemsaidia? Nilipiga hesabu mle ndani ya gari, nyuma ya risiti ya mafuta. Betri kama ile chukulia kilo 480. Kupandisha kilo moja ya seli kwa nyuzi moja kunahitaji takriban kilojuli moja. Kutoka nyuzi 12 chini ya sifuri, ambapo nakadiria ilikuwa asubuhi ile, hadi nyuzi 20 ambapo seli hula vizuri, ni nyuzi 32. Mara 480 unapata kilojuli 15,360, yaani zaidi kidogo ya kilowati-saa 4 (kilowati ni kasi ya umeme, kilowati-saa ni kiasi chake). Ongeza maji ya mfumo, kasha la betri, na joto linalovujia nje, uko kwenye 6 hivi. Betri ya shemeji ni ya kilowati-saa 75. Kuipasha ni kula asilimia 8 kati ya 18 alizokuwa nazo. Na hita ya kilowati 5 au 6 ingehitaji saa moja au zaidi kidogo. Yeye alikuwa dakika kumi na tano kutoka kituoni. Tena magari mengi, chaji ikishuka sana, hukataa kabisa kujipasha, yasije yakakuacha njiani. Kwa hiyo saa tano ya Jumapili ilikuwa imeshachelewa. Hata angefanya kila kitu sawa, angefika na betri ya vuguvugu na tumbo tupu.

Ijumaa usiku joto lile lilikuwemo ndani tayari, halikumgharimu senti. Angechomeka dakika 25 akaondoka na asilimia 80, akawa na akiba ya kupoteza Jumapili bila kujali.

Alifika kituoni saa tano na robo akiwa na asilimia 14. Mbele yake kulikuwa na magari kumi na manne. Alisubiri saa tatu na robo, akiwasha hita na kuzima, akiwasha na kuzima, na foleni ile peke yake ikamla asilimia 9. Watu husahau sehemu hii wanapozungumzia vituo vya siku zile, nami naiona ndiyo moyo wa mambo. Kituo kina mashine nane. Siku ya kawaida gari linakaa nusu saa, kwa hiyo kituo kinahudumia magari 16 kwa saa. Gari likifika limepoa na likakaa saa mbili, mashine zile zile nane zinahudumia magari manne kwa saa. Yakija manane tu kwa saa, nusu ya uwezo wa kawaida, foleni inaongezeka magari manne kila saa. Na kila anayesubiri anazidi kupoa na kuzidi kuisha chaji, ili akifika kwenye mashine naye akae saa mbili. Baridi haikuhitaji kuharibu gari hata moja. Ilitosha kurefusha muda wa kila mmoja, foleni ikafanya yaliyobaki. Walioishiwa kabisa na kupakiwa kwenye bredauni, wengi wao nadhani waliishiwa wakiwa wamesimama.

Si jambo jipya kwa wanaopima. Mwaka 2018 watafiti wa Idaho National Laboratory walichapisha uchunguzi wa teksi za Nissan Leaf za jiji la New York, karibu mara 500 za kuchaji kwa haraka. Katika nyuzi 25 za joto, dakika 30 zilifikisha betri asilimia 80. Katika nyuzi sifuri, dakika zile zile ziliingiza umeme pungufu kwa asilimia 36. Hiyo ni sifuri tu, New York. Na Leaf za vizazi viwili vya kwanza hazina mfumo wa maji wa kuipasha na kuipoza betri. Katika nchi za baridi ziliwekewa hita ndogo, na hita yenyewe ni ya kuzuia betri isigande, haina nguvu ya kuiandaa kwa chaji ya haraka.

Ndani ya gari langu simu ilianza kubadilika. Saa tisa na nusu seli za baridi zilivuka nyuzi 5, na kilowati zikapanda kutoka 6 kuwa 11, kisha 24. Shemeji akaniangalia. Saa kumi kasoro dakika kumi, nyuzi 12, kilowati 38, asilimia 8. Kuanzia hapo betri haikuhitaji tena kuni za nje sana, maana umeme wenyewe ukiingia kwa wingi hupasha seli kwa ndani: joto linaleta kasi, kasi inaleta joto. Saa kumi na dakika kumi, nyuzi 19, kilowati 61. Saa kumi na nusu alikuwa na asilimia 54. Nikamwomba achomoe, ingawa alikuwa na haki ya kuendelea, kwa sababu mama mmoja nyuma yetu alikuwa na mtoto mchanga. Akachomoa. Yule kijana wa mashine ya jirani alikuwa bado kwenye foleni.

Nilimwendea. Nikamweleza kwa dirisha lililofunguliwa upana wa kidole: ukichomeka, usiangalie asilimia, angalia kilowati, na usikubali kuchomoa kabla saa nzima haijapita. Hakuna kibao chochote pale kituoni kilichosema hivyo. Skrini ya mashine iliandika tu "inachaji," ikionyesha kasi ya konokono, bila kusema kwa nini. Neno moja, "inapasha betri," lingewazuia watu kuhamahama. Magari mengine huonyesha ujumbe wa namna hiyo. Naona kila gari na kila mashine ingepaswa kuuonyesha, kwa maandishi makubwa, na makadirio ya dakika.

Njia za kupasha zenyewe zinatofautiana, na kwa dereva si upuuzi kujua gari lake linatumia ipi. La shemeji lina hita ya umeme inayochemsha maji yanayozunguka kwenye betri, kama birika. Mengine, Tesla Model 3 likiwa mfano unaojulikana zaidi, hayana hita maalumu ya betri: mota hupewa umeme kwa mpango wa kupoteza makusudi, itoe joto hata gari likiwa limesimama, na joto hilo hupelekwa kwenye seli kwa maji. Mapya mengi yana pampu ya joto, friji iliyogeuzwa, inayookota joto kutoka nje na kwenye mota. Inaokoa umeme mwingi katika baridi ya kawaida, lakini katika baridi kama ya Jumapili ile huwa haina kingi cha kuokota.

Zote hizo zinapasha kwa nje kuja ndani, na ndiyo maana zinachukua muda. Kuna wazo jingine ambalo mimi nimelipenda tangu nilisome. Mwaka 2016 Chao-Yang Wang na wenzake wa chuo cha Penn State walichapisha katika jarida la Nature seli iliyowekewa ndani yake karatasi ya nikeli yenye unene wa maikromita 50. Seli ikiwa ya baridi, umeme wake wenyewe hupitishwa kwenye karatasi hiyo, ambayo huwaka joto katikati ya seli kama waya wa jiko la umeme. Ikifika sifuri, swichi hukata. Kutoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi sifuri ilichukua sekunde 20 na kula asilimia 3.8 ya chaji. Sekunde 20! Shemeji alikaa saa nzima na dakika zake. Mwaka 2018 kundi hilo hilo likaonyesha seli ya namna hiyo ikichajiwa hadi asilimia 80 kwa dakika 15 hata katika nyuzi 50 chini ya sifuri. Magari mengi yanayouzwa hapa bado yanapasha kwa nje kuja ndani.

Mtu atauliza: na Norway je? Mwaka 2023 zaidi ya magari 8 kati ya 10 mapya yaliyouzwa kule yalikuwa ya umeme tupu, na baridi wanayo ya kutosha. Januari hiyo hiyo ya 2024 mji wa Kautokeino, kaskazini, ulifika nyuzi 43.5 chini ya sifuri. Kemia yao ni hii hii yetu. Lakini wengi wao hulaza gari likiwa limechomekwa nyumbani. Gari lililochomekwa usiku linajipasha kwa umeme wa ukutani, na mwenyewe akiliambia saa ya kuondoka, linaamka tayari. Kituo cha haraka kwake ni cha safari ndefu, na akikifikia ameshaendesha saa mbili, betri imechemka.

Shemeji ni kinyume chake kwa kila kitu. Hana soketi, analaza gari barabarani, anategemea kituo cha umma kila siku, na anakifikia akitoka karibu. Yaani anayekihitaji zaidi kituo ndiye anayekifikia na betri ya baridi zaidi. Illinois ina sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2024, wiki mbili tu kabla ya baridi hiyo, inayowataka wajenzi wa nyumba mpya za makazi waandae njia za umeme wa kuchajia kwenye maegesho. Ni sheria nzuri. Jengo la shemeji ni la zamani kuliko baba yake.

Wiki ile ile tulikaa mezani kwangu tukapanga upya. Kwanza, chaji ni mwisho wa kazi, si mwanzo wake: anapomaliza usiku, betri ikiwa na joto la mchana kutwa, anapitia kituoni hata kama ana asilimia 50. Pili, utabiri ukitaja nyuzi 15 chini ya sifuri, hashuki chini ya asilimia 30, ili gari lisikatae kujipasha. Tatu, kituo anakiandika kwenye ramani ya gari dakika 40 kabla, hata kama kiko nyuma ya nyumba. Ikibidi anazunguka na abiria mmoja zaidi huku gari linapasha. Nne, siku zikiwa mbaya analeta gari kwangu. Nina soketi ya volti 240 kwenye gereji, nayo inatosha kwa hita na chaji kwa pamoja. Kwa soketi ya kawaida ya volti 120 hali ni tofauti: inatoa kilowati 1.4 hivi, na baridi ikizidi zote zinaweza kuishia kwenye kupasha. Hata hivyo bado inafaa, kwani gari linaamka na betri isiyokataa.

Dada alilalamika kwamba hiyo ya kwanza inamchelewesha mumewe nyumbani nusu saa kila usiku. Ni kweli, inamchelewesha, na sina dawa yake mpaka jengo lao lipate soketi.

Januari 2025 baridi ilirudi, na safari hii tena ilifika na siku kuu ya Martin Luther King, Jumatatu ya tarehe 20. Saa tatu usiku shemeji alinitumia picha mbili kwa simu. Ya kwanza ilikuwa skrini ya gari: asilimia 24, kilowati 110, alama ya theluji haipo. Ya pili ilikuwa skrini ile ile baada ya dakika 25: asilimia 70. Chini yake aliandika, "Seli nyuzi 21 nilipofika. Jirani yangu wa mashine ya tatu ana kilowati 5 na anataka kuchomoa. Nimeshuka kwenda kumwambia."